Maswali ya wasomaji: Binti yangu anataka kuteleza kwa pea

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni mama wa Uyole hapa Mbeya, nina binti wa miaka 12, na mtoto wa kaka yangu ana 15, walinunuliwa viatu vya matairi vya mtumba Krismasi basi toka hapo ni kuteleza tu, uwanja wa netiboli, nje ya kanisa, popote penye saruji. Juzi wakaona kwenye simu wale wanaoteleza wawili wawili kwenye barafu, mwanaume anamnyanyua msichana juu anamrusha, nao wakajaribu, binti kaanguka kashonwa nyuzi tatu kidevuni. Lakini hataki kuacha, anasema ndo kazi anayoitaka. Hivi hiyo ni kazi kweli? Mtu anaanzaje na anaishia wapi, na mtoto wa huku anaweza maana barafu yetu sisi ni sakitu ya asubuhi mwezi wa 6.
Mama, Uyole

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole binti. Kabla ya yote waambie wasinyanyuane tena kabisa mpaka awepo mtu mzima anayejua. Hao wa kwenye simu hawakuanzia kwenye barafu, walinyanyuana kwanza chini, raba miguuni, magodoro pembeni na kocha kasimama hapo hapo, miezi na miezi, alafu ndo wakapanda. Mashindanoni msichana havai helmeti na anakuwa juu ya kichwa cha mwenzie anayekwenda kasi kwenye vyuma vyembamba, sasa nyie mnafanyia kwenye saruji, nimesoma barua yako moyo ukanidunda.

Kazi ni kazi kweli, na hii habari nataka binti asomewe. Kuna mtu anaitwa Robin Szolkowy, kazaliwa 1979 Greifswald, iliyokuwa Ujerumani Mashariki, mama Mjerumani, baba Mtanzania. Ndiyo, Mtanzania. Mwaka 2003 akaungana na Aljona Savchenko, binti wa Ukraine ambaye alishakuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000 na patna mwingine, wakaachana, akabaki hana wa kuteleza naye, akahama nchi akaenda Chemnitz Ujerumani kumfuata huyu Robin. Wakawa mabingwa wa dunia mara 5: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014, na shaba mbili za Olimpiki, 2010 na 2014. Mi kila nikikumbuka kwamba damu ya huku imesimama pale juu mara tano na watu wengi hawajui, nasikia uchungu.

Ila angalia hapo dada, mchezo huu roho yake ni patna. Mkimbiaji wa Mbeya Tulia Marathon akiamka saa 11 alfajiri ni miguu yake tu, wa pea mwenzie akiumia, akirefuka ghafla au akichoka, na yeye kasimama. Umri wa hao wenu ndo wenyewe wa kurefuka, pea nyingi za watoto zinavunjika hapo sababu msichana kapata kimo na mvulana hambebi tena. Robin alipostaafu 2014 akaingia kwenye ukocha, Aljona ana miaka 30 akaanza upya na Mfaransa, Bruno Massot. Mashindano ya dunia mmoja akiwa raia wa nchi inatosha lakini Olimpiki lazima wote wawili, kwa hiyo Bruno ilibidi asome Kijerumani afanye mtihani ndo apate uraia wa Ujerumani, nchi waliyokuwa wanaiwakilisha. Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, 2018 siku ya kwanza Bruno akakosea mruko mmoja, wakawa wa nne, kesho yake wakateleza ile wanayosema watu haijawahi kutokea, wakachukua dhahabu kwa tofauti ya pointi 0.43. Aljona ana miaka 34, Olimpiki yake ya tano!

Kwa hiyo haraka hamna. Mashindano ya kimataifa ya vijana yanaanzia miaka 13, ya wakubwa zamani ilikuwa 15 ila toka msimu wa 2024/25 ni 17, na mi nimefurahi sana maana watoto walikuwa wanaumizwa. Hela ya mwanzo inatoka kwa wazazi, saa za uwanja, kocha, viatu, na wakimaliza wengi wanafundisha au wanaingia kwenye maonyesho.

Kuhusu barafu sitakudanganya, hata baridi ya Kitulo haitoshi. Uwanja wenyewe ni mita 60 kwa 30 na chini yake kuna mabomba ya kugandisha yanayokula umeme usiku na mchana, ndo maana Nairobi karibu kabisa na ikweta waliweza kuweka mdogo hotelini na huku kwetu kwenye sakitu hamna. Lakini hivyo viatu vya matairi sio vya kuchezea tu, kuna mashindano ya dunia ya kuteleza kwa matairi na pea zimo. Binti aanzie hapo, avae helmeti na kinga za magoti na viganja, ajifunze kuzunguka na kuruka peke yake, sarakasi za chini na kudansi zitamsaidia sana mwili. Na huyo kijana naye afanye mazoezi ya mgongo na mabega kabla ya kumshika mtu.

SWALI: Shikamoo anko, mi nasoma Form Two Mafinga. Napenda kuteleza na mwenzangu ila kurushwa naogopa, je kuna namna?

JIBU: Marahaba mwanangu, ipo, inaitwa dansi ya barafuni. Humo hamna kurushwa wala kunyanyuliwa juu ya kichwa, mnakaa karibu karibu, kazi yote iko kwenye hatua za miguu na kwenda na mziki. Pea ziko Olimpiki toka 1908, dansi ikaingia 1976 kule Innsbruck, Austria. Na kwenye matairi pia ipo, tena kwa kuanza hamhitaji vingi, spika ndogo na sakafu laini.