Mkuu, usimhamishe mtoto kwenda kitengo cha ulemavu wa akili kabla hajapimwa macho na masikio

Mkuu, simamisha hiyo orodha leo. Umeandika kwamba kamati yenu ya shule imeletewa majina 14 ya watoto "wazito" wa darasa la pili na la tatu, walimu wameyapata kwa kuangalia matokeo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na mmeambiwa wakihamishiwa kitengo cha ulemavu wa akili ufaulu wa shule utapanda. Halafu unauliza vipimo vya rampu (njia ya mteremko ya viti vya magurudumu), fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mwalimu wa elimu maalumu na uji wa saa nne. Vyote hivyo vinaweza kusubiri wiki mbili. Orodha haisubiri, maana mkishaipitisha kuirudisha nyuma ni kazi ya miaka.

Nasema kwa ukali kwa sababu niliwahi kusaini orodha kama hiyo.

Kwenye daftari, mtoto asiyeona ubao hana tofauti na mtoto mwenye ulemavu wa akili. Anaruka mistari, ananakili nusu ya neno, anaacha hesabu katikati. Asiyesikia vizuri ndiye anayeonewa zaidi: akiitwa kwa nyuma hageuki, basi ni mkaidi, kwenye imla mwalimu akisema "paka" yeye anaandika "kaka", basi hajui kusoma. Sikio linatoa usaha tangu ana miaka miwili na hakuna aliyechungulia.

Ukimpeleka kitengo, anafuata muhtasari mwingine, wa kujihudumia, mawasiliano na kazi za mikono. Ni muhtasari mzuri kwa anayeuhitaji, na walimu wake wanajituma. Lakini kwa mtoto aliyehitaji miwani tu, wenzake wanaingia kuzidisha na kugawanya, wanaanza kusoma habari ndefu, yeye hayupo. Ukija kugundua akiwa na umri wa darasa la tano, umembebesha pengo la miaka miwili au mitatu, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi unampita. Shule inaonekana imepanda kwa sababu majina yamepungua. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza zaidi.

Na waliotuambia wakati ule "mwalimu anawajua watoto wake, hayo mambo ya kupima ni urasimu" hawakuwa watu wa mtaani. Walikuwa watu wa ofisini, wenye dhamana ya elimu jumuishi, wanaotakiwa kuijua kazi hii kuliko sisi wazazi. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani anawajua wanaonyoosha mkono. Wa nyuma anawajua kwa alama zao, na alama hazisemi kama tatizo liko jichoni, sikioni, tumboni au kichwani.

Upimaji wenyewe wa awali ni asubuhi moja kwa watoto 14. Macho: ombeni chati ya herufi E kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya. Msichore wenyewe kwa kukisia, kwa sababu E ya mstari wa 6/12 (ile ambayo mwenye macho mazima huiona akiwa mita 12, na mtoto anapimwa nayo kwa mita 6) ina urefu wa milimita 17.5 hivi, na ukiikuza kidogo tu kila mtoto atafaulu. Pimeni mita 6 kwa futi kamba, chora mstari wa chaki, ning'iniza chati usawa wa macho ya mtoto mahali penye mwanga, jua lisimpige usoni. Mtoto anaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anapimika. Jicho moja moja, lililofunikwa lizibwe kwa kadi ngumu. Wakijiziba kwa vidole wanachungulia, na wewe unaandika anaona. Geuzeni E mara tano. Akikosa zaidi ya mara moja kwenye 6/12, jicho lolote, anakwenda kliniki.

Masikio: simama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooshwa asione midomo yako. Sikio la pili azibiwe kwa kukandamiza kile kinyama cha mbele ya tundu la sikio na kukisuguasugua taratibu. Toa pumzi kwanza, ndipo unong'one tarakimu tatu, kisha tatu nyingine. Akipata chini ya nusu, au sikio linatoa usaha, kituo cha afya. Wengine ni nta tu.

Waliobaki kwenye mashaka baada ya hapo ndio wa kumwitia Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri kwa upimaji kamili. Kitengo kinaamuliwa hapo, na mzazi akiwepo.

Wenye ualbino msiwasahau: karibu wote wana uoni hafifu hata wakivaa miwani. Wakae mbele, mbali na dirisha lenye jua, waruhusiwe kusogea ubaoni.

Majibu yakitoka, mwalimu mkuu ayaingize kwenye kumbukumbu za shule, na wakati wa usajili wa mtihani wa darasa la nne na wa kumaliza shule ya msingi mwenye uoni hafifu asajiliwe hivyo. Ndipo anapata karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, 10 kwa masomo mengine. Hisabati ya saa mbili ni dakika 40 za ziada. Akisajiliwa kama mtahiniwa wa kawaida, siku ya mtihani msimamizi hana la kumsaidia. Soma orodha ya usajili kwa macho yako kabla haijafungwa.

Asilimia 10 achana nayo: ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haijengi darasa. Rampu ni uwiano wa 1 kwa 12, yaani kibaraza cha sentimita 45 kinataka mita 5.4, na isiishie darasani ilhali choo kina ngazi.

Niandikie hapa kikao chenu ni lini. Chati na futi kamba zipatikane kabla ya siku hiyo, na yale majina 14 yaondolewe kwenye ajenda mpaka watoto wapimwe.