RE: RCC (Kamati ya Ushauri ya Mkoa) imepitisha soko letu la mpakani, tuanze kuchangishana?

Msichangishane hata shilingi.

Unasema soko la mazao litakaa mpakani mwa halmashauri mbili, zigawane ushuru, na wananchi wameshahamasika kwa kuwa RCC "imepitisha". Mkuu, RCC haipitishi kitu! Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, hicho ni chombo cha ushauri. Mkuu wa Mkoa mwenyekiti, ma-DC (wakuu wa wilaya), wabunge, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi wapo, wanajadili rasimu za bajeti, wanashauri, wanapiga picha ya pamoja, wanaondoka. Fungu la kujenga soko lenu hawana.

Kwetu nasi tulikuwa na soko la mpakani kama hilo, ofisa mmoja alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema, "Mkoa ukishasema, nani atapinga?" Tukashangilia kama mazuzu. Watu wakatoa mawe, mchanga, saruji, mama ntilie wakachanga hela ya mtaji. Nguzo zikasimama. Bajeti ya halmashauri jirani kutoka, soko halimo! Baraza lao la madiwani halijawahi hata kuletewa hoja. Diwani wao akatuuliza, tena kwa upole, kwa nini watoe mapato yao ya ndani kujenga kitu kilichoko upande wetu, ushuru ukusanywe kwa POS (mashine za kukusanyia mapato) zetu. Tukabaki tunatazamana, maana hakuna karatasi iliyosema nani anapata asilimia ngapi. Mkuu wa Mkoa alishahamishwa, na mpya ndiyo kwanza analisikia. Saruji iliyobaki iliganda na mifuko yake, sasa wazee wanaikalia wakicheza bao, kwa hiyo msiseme mradi haukunufaisha wananchi.

Yule ofisa nikampigia. Unajua alinijibu nini? "Mimi nilishauri tu." Mama ntilie wananidai mimi, siyo yeye.

Mabaraza YOTE MAWILI ya madiwani yapitishe. Mgawanyo wa ushuru uandikwe na wakurugenzi wote wawili wasaini. Fedha zionekane kwenye bajeti za pande zote kwa mwaka unaoanza Julai. Kimoja kikikosekana, hakuna soko. RCC itumieni kuwabana wenyeviti na wakurugenzi wakae meza moja, hapo inafaa kweli, maana nje ya hapo kuwakutanisha ni shughuli.

Uliuliza pia habari za DCC (kamati ya ushauri ya wilaya) na nafasi ya mbunge, wadau wengine watakujibu. Hela mmeshaanza kukusanya? Nani anaishika?