Kabla ya Kupiga Hema Kisiwani, Uliza Leo Mwezi Ngapi

"Leo mwezi ngapi?" nahodha aliniuliza tukiwa bado kijiji cha Bodo, pwani ya kusini ya Kenya, maji yamemfika magotini, mkono mmoja umeshika ubavu wa mashua. Nikamtajia tarehe ya Desemba. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya ofisini, mwanangu. Nakuuliza mwezi wa juu." Sikujua. Akaniambia ni mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu uandame, bamvua la maji makubwa limeingia, tusilale chini ufuoni. Nikaitikia, tukapakia mizigo, tukavuka hadi kisiwa cha Funzi, na magharibi ilipokaribia nikapiga hema pale nilipopapenda mimi, karibu na maji.

Saa kumi usiku niliamshwa na baridi mgongoni. Godoro limelowa chapachapa. Mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka sita, amekaa kitako gizani analia kwa sauti ndogo, na viatu vyetu vyote vimeshachukuliwa na maji. Hatukuumia, lakini tulikesha tumejikunyata chini ya mvinje mpaka kukacha. Tangu siku ile, nikipanga safari ya kulala kisiwani naanza na mwezi. Likizo ya kazini na nauli hufuata baadaye.

Huku kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: Kilindini, bandarini Mombasa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti hiyo hushuka mpaka kama mita 1 tu. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni saa. Siku za bamvua, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Ya alasiri unayaona. Ya alfajiri yanakukuta usingizini, na si lazima yaishie pale yalipoishia ya mchana. Mimi niliiona alama ya alasiri, nikaweka hema juu yake kwa hatua chache, nikaridhika. Ya alfajiri yakapanda zaidi, na upepo unayasukuma.

Kwa hiyo chagua maji mafu. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu, tafuta mwezi nane mpaka kumi, au ishirini na tatu mpaka ishirini na tano. Siku hizo maji hujaa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hayapandi sana. Asubuhi yanakufaa kuvukia, maana yakipwa mashua hukwama mbali na mkashuka kukanyaga tope la mikoko na mizigo kichwani. Usiku yanajaa mkiwa bado macho mnapiga soga, mkayaona kwa macho yenu yalipofika. Kama huna anayejua kuhesabu mwezi, angalia jedwali la maji la Kilindini, au mpigie mvuvi yeyote simu. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Msimu nao una neno. Kiangazi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ndicho chenye bahari nzuri na maji maangavu. Aprili na Mei ni masika, mtalowa kutoka juu. Likizo ya Agosti inawavutia wengi kwa sababu watoto wako nyumbani, lakini ni wakati wa upepo wa kusi, mawimbi makubwa na mwani umejaa ufuoni. Nikiwa na watoto siendi.

Njia ni nyepesi: feri ya Likoni, barabara ya Lunga Lunga, upite Ukunda na Msambweni, kisha uingie kushoto kwenda Bodo. Patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na mkubaliane siku na saa ya kuwafuata. Dai maboya ya kuvaa, hasa ya watoto. Ukifika, nenda kwanza kijijini ukamwamkie mzee na umweleze mnataka kulala wapi. Funzi ni kijiji cha watu wenye dini yao, leso na kikoi ziwe karibu mkipita majumbani. Mzee ndiye aliyetuonyesha mahali pakavu mara ya pili, na akatutafutia mama wa kutupikia samaki wa kupaka. Bado nakumbuka tui lile.

Mahali pa hema pasome ardhini. Ufuoni utaona mistari miwili ya mwani. Wa chini ni mbichi, ni wa leo. Wa juu umekauka, umekuwa mweusi, ukiukanyaga unavunjika kama karatasi. Huo ndio ulioachwa na bamvua lililopita. Panda juu ya huo, mpaka mchanga unapoanza kushikwa na majani yanayotambaa. Kivuli cha mvinje ni kizuri. Cha mnazi kiache, nazi haina simile. Na yale mafungu ya mchanga mweupe yanayoibuka katikati ya bahari maji yakipwa, nendeni mpige picha na kuogelea, kisha muondoke. Fungu si mahali pa kulala hata kwa saa moja.

Vigingi vya hema havishiki mchangani. Chukua mifuko ya nguo, ijaze mchanga, funga kamba katikati, uifukie kwa kina cha mkono mpaka kiwiko, kisha ukanyagie kwa miguu. Nimeiona ikishika upepo wa usiku kucha.

Maji ya kunywa na kupikia, weka lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku tatu ni lita 75, yaani mitungi minne ya lita 20. Usipunguze, jua la kaskazi halina huruma. Beba jiko na makaa yako, usikate mkoko hata kijiti kimoja. Mikoko ndiyo malezi ya samaki wanaowalisha wenyeji wako. Taka zote zirudi na mashua. Na usiku akipanda kasa kutaga, zimeni tochi, mkae mbali, mnyamaze, mpaka arudi baharini mwenyewe.

Tulirudi Funzi Februari, mwezi tisa. Yule mtoto sasa ana miaka tisa, na hakukubali kulala. Saa nne usiku alishuka na tochi, mimi nyuma yake, akachomeka kijiti mchangani pale povu lilipoishia. Tukasubiri. Povu likafika kijitini, likarudi, likafika tena, kisha likaanza kuishia chini yake. Akageuka, akahesabu hatua zake kwa sauti mpaka mlangoni mwa hema: arobaini na mbili. Akapangusa miguu, akaingia kulala.