Bakuli la kwanza kwenye kerezo

Tafuta gogo bichi la mwembe, kipenyo sentimita 30 hivi. Lipasue katikati ya kiini, kisha ondoa sentimita 2 zaidi upande huo, maana bakuli lililobaki na kiini ndani hupasuka likikauka. Kata duara la sentimita 25.

Sahani ya chuma, ile inayolishikiza gogo kwenye kerezo (mashine inayozungusha mti ukatwe), ifungwe kwa skrubu upande utakaochimbwa. Kabla ya kuwasha, zungusha gogo kwa mkono mzunguko mzima uone kama linagonga kiegemeo cha patasi. Anza na mizunguko 400 kwa dakika. Likishanyooka pande zote, 800 inatosha. Glovu vua, mikono ya shati kunja, ngao ya uso vaa.

Sasa bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo. Wanafunzi wengi hutanguliza makali, na hapo ndipo balaa huanzia. Shusha mpini, mgongo wa makali (ule mteremko ulionolewa) uguse mti bila kukata. Inua mpini polepole mpaka maranda membamba yaanze kutoka. Mgongo ukiachana na mti, makali hukosa cha kuegemea, yanazama ghafla, na bakuli laweza kung'oka. Maranda yakigeuka vumbi, usikandamize. Kanoe.

Nje kata kutoka kitakoni kwenda ukingoni. Ndani ni kinyume chake: ukingoni kwenda katikati. Ukikosea mwelekeo nyuzi hukosa wenzake wa kuzishikilia, zinachomoka. Hata ukipatia, kila bakuli lina sehemu mbili zinazotazamana ambazo hubaki na manyoyamanyoya. Usihangaike nazo kwa msasa. Noa upya, pitisha mkato mwembamba.

Kabla ya kuligeuza, chonga kitako cha kushikwa na taya (vyuma vya kerezo vinavyobana): upana sentimita 10, kimo milimita 6. Kisifike chini kabisa ya taya; bega lake ndilo likalie juu ya taya.

Ukichimba, acha ukuta wa sentimita 2.5, sehemu moja ya kumi ya upana. Mti mbichi hujipinda ukikauka, na unene huo ndio akiba ya kulikereza tena liwe duara. Lifukie na maranda yake kwenye mfuko wa karatasi, kivulini. Lipime uzito kila wiki. Ukiacha kupungua, lirudishe kwenye kerezo, ukianza na kitako, kwani nacho kitakuwa kimeshakuwa yai.