Damu kwenye mkojo: ultrasaundi haitoshi?

Swali: Daktari, nina miaka 52 na nimekulia Pemba. Mwezi uliopita nilikojoa damu mara mbili bila maumivu, kisha ikakoma yenyewe. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, lakini nimeandikiwa sistoskopi, yaani kuingiziwa kamera kupitia njia ya mkojo. Je, kuna haja? Na inauma kiasi gani?

Jibu: Haja ipo, ndugu yangu, na kukoma kwa damu hiyo kusikupumbaze, kwa sababu saratani ya kibofu mara nyingi huanza hivyo hivyo: damu bila maumivu, inayokuja na kutoweka. Huenda ikawa ni mawe, maambukizi au tezi dume tu, lakini ultrasaundi inaweza kukosa uvimbe mdogo uliolala bapa kwenye utando wa kibofu. Kwa mtu aliyekulia Pemba, mimi hufikiria pia kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho yaliyokwama ukutani mwa kibofu kwa miaka mingi huonekana kwenye skrini kama mabaka ya mchanga, na kichocho sugu chenyewe huweza kuzaa saratani.

Kamera inayopindika ina unene wa milimita 5 hadi 6 hivi. Utalala chali, utatiwa jeli ya ganzi, na itaachwa dakika kadhaa ifanye kazi. Panapokera zaidi kwa mwanamume ni pale kamera inapopita kwenye tezi dume. Hapo vuta pumzi taratibu na ujilegeze kama anayeanza kukojoa. Kibofu kitajazwa maji safi, hivyo utahisi mkojo umekubana. Uchunguzi wenyewe kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10.

Ikionekana kasoro ya kutibiwa, kama uvimbe wa kukwanguliwa au jiwe la kuvunjwa, kwa kawaida utapangiwa siku nyingine, utumike mtambo mgumu ulio mnene zaidi chini ya ganzi ya mgongo au nusu kaputi. Hata hapo tumbo halipasuliwi.

Kabla ya siku hiyo, mkojo upimwe ili maambukizi, kama yapo, yatibiwe kwanza, na umtajie daktari dawa yoyote unayotumia ya kuzuia damu kuganda. Baadaye mkojo unaweza kuchoma na kuwa na wekundu hafifu kwa siku moja au mbili. Kunywa maji ya kutosha. Ukipata homa, ukitoa mabonge ya damu au ukishindwa kukojoa, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.