Kiwiko ni Wapi, na Mkono Ukishtuka Umefanya Nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Mwanza. Juzi alikuja mzee mmoja, mtu wa pwani, akasema ameanguka na "kiwiko kimeshtuka". Nikamkunja mkono pale katikati, nikamkunjua, hakuguna hata kidogo. Nilipomshika karibu na kiganja ndipo akapiga ukelele. Mwenzangu kazini akaniambia mzee hajui Kiswahili: kiwiko ni kile ambacho wachezaji hupigana nacho mpirani, na mkono haushtuki, unateguka. Sasa kiwiko ni wapi? Na kushtuka, kuteguka na kutenguka ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba. Nianze na mzee, maana ndiye aliyesingiziwa. Mzee anakijua Kiswahili, tena cha siku nyingi. Kamusi za zamani zinaeleza kiwiko kuwa pale kiganja kinapoungana na mkono, na pale wayo unapoungana na mguu wanapaita kiwiko cha mguu. Kwa maana hiyo kiwiko na kifundo ni mahali pamoja penye majina mawili. Aliposema kiwiko chake kimeumia, alikuelekeza hasa pale ulipokuja kumshika mwishoni.

Mwenzako naye hajakosea katika nusu ya kwanza ya maneno yake. Leo hii, Tanzania na Kenya, ukisema kiwiko watu wengi watashika pale mkono unapokunjika katikati. Mtangazaji wa mpira akisema beki amempiga mtu kiwiko, hakuna msikilizaji anayefikiria kifundo. Neno limehama. Limepanda kutoka kwenye kiganja hadi katikati ya mkono, na wazee kama huyo wako wamebaki nalo kule lilikotoka.

Kwa nini limehama? Nitakupa ninavyoona mimi. Pale katikati ya mkono pana majina mengi kupita kiasi: kisugudi, kivi, kisukusuku, kisigino cha mkono. Hakuna hata moja lililokubalika kila mahali, na mtoto wa shule anaweza kukua bila kulisikia hata moja kati ya hayo nyumbani kwao. Huku chini, karibu na kiganja, palikuwa na majina mawili yanayotosheana, kifundo na kiwiko. Moja likabaki kazini, la pili likaenda palipokuwa na upungufu. Lugha hufanya hivyo mara nyingi bila kumuuliza mtu.

Lakini liko jambo lililorahisisha safari hiyo, nalo ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Majina mengi ya viungo vyetu hayataji mahali, yanataja umbo au kazi. Kifundo ni fundo dogo, kama lile la kamba. Ukishika mkono wako pale utakubali kwamba aliyepaita hivyo alikuwa na macho: ndani yake kuna mifupa midogo minane iliyojipanga safu mbili, imekazwa pamoja kwa kano, kama kokoto zilizofungwa ncha ya kanga. Kisigino kinatokana na kusigina, yaani kukanyaga na kuponda, ndiyo maana jina hilohilo liliweza kukaa mguuni na mkononi, kwa kuwa kote kuwili ni ncha ngumu ya mtu kukandamizia. Ule mfupa wa mviringo ulio mbele ya goti tunauita pia ya goti, kwa kuufananisha na pia wanayochezesha watoto, ingawa wenye Kiswahili chao wanauita pia kilegesambwa. Mfupa mpana nyuma ya bega ni kombe la bega. Na yale mabonge mawili yanayotokeza pembeni ya kifundo cha mguu, wako waliopaita jicho la mguu.

Basi jina likitaja umbo, litafaa popote penye umbo hilo, na kinachofunga maana ni lile "cha mkono" au "cha mguu" linalofuata. Ukiandika kwenye faili la mgonjwa "maumivu ya kifundo" ukaishia hapo, umeandika nusu ya habari. Mwenzako wa zamu ya usiku hajui aangalie mkono au mguu.

Sasa kushtuka. Hapa namtetea mzee kwa moyo wote, kwa sababu nadhani neno lake ni zuri kuliko la mwenzako.

Mtu anashtuka akipatwa na jambo la ghafla: mwili unaruka, kisha unarudi ulipokuwa. Kiungo nacho hivyo. Umekanyaga vibaya ukingo wa barabara, mguu umepinduka kwa ndani, kano za upande wa nje zimevutwa kupita kiasi, pengine nyuzi zake zimechanika, lakini mifupa imebaki mahali pake. Kiungo kimeruka, kimerudi, kimeacha maumivu na uvimbe. Hiyo ndiyo kushtuka, na maana hii ni ya zamani, si ya mtaani. Wasemao "nimeshtua mguu" wanasema Kiswahili safi.

Kuteguka kunatokana na tega. Ukitega mtego umeuweka tayari mahali pake. Ukiutegua umeondoa kile ulichokiweka. Ndivyo tunavyotegua kitendawili, na ndivyo mama anavyotegua chungu jikoni. Ile -u- kabla ya kiishio inageuza tendo: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Kwa mzizi wake, basi, kiungo kilichoteguka kingekuwa kile kilichotoka mahali pake kabisa. Ila matumizi hayakusimama hapo. Watu wanasema "nimeteguka" kwa mguu uliovimba jioni moja tu ukapona kwa maji ya baridi, na wanasema "nimeteguka" kwa bega lililotoka kwenye kikombe chake. Kamusi nazo zimelipokea kwa maana zote mbili. Siwezi kukuambia ni kosa. Naweza kukuambia kwamba kwa kazi yako neno hilo halitoshi, kwa sababu wagonjwa hao wawili hawatibiwi kwa namna moja.

Kutenguka kuna uzito zaidi. Tunatengua hukumu, tunatengua uteuzi: kilichokuwa kimewekwa kimeondolewa kwenye nafasi yake. Mimi huliona neno hili kuwa ndugu wa mbali wa tengemaa na tengeneza, upande wa pili wa kitu kukaa sawa. Kwa kiungo ambacho mfupa wake umehama na bado haujarudi, hilo ndilo neno ningelitumia. Bega ndilo kiungo kikubwa kinachotenguka mara nyingi kuliko vingine, na sababu yake inaonekana kwenye umbo: kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kifupi, hakina kina. Ndiyo faida na ndiyo hasara. Mkono unazunguka karibu kila upande, kwa sababu hakuna ukingo mrefu wa kuuzuia, na kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kutoka. Nyonga ina kikombe kirefu kinachokumbata kichwa cha fupa la paja, kwa hiyo haitenguki ila kwa kishindo kikubwa, kama ajali ya gari.

Kwa ufupi wa kazini: umeshtuka ukiwa mfupa haujahama, umetenguka ukiwa umehama. Mgonjwa akisema "umeteguka", mwulize zaidi.

Umegusia kumkunja mzee mkono na kumkunjua, nami nimefurahi kwamba umetumia maneno hayo. Nimewasikia watoa mazoezi wakisema "pinda goti, sasa pindua goti", wakidhani kila tendo linageuzwa kwa -ua. Pinda na pindua havifanyi kazi hiyo. Kupindua ni kugeuza cha juu kuwa chini, na goti la mtu halipinduliwi. Kinyume cha kupinda goti ni kulinyoosha. Kunja ndilo lenye mwenzake kamili, kunjua, nayo yanafaa sana kwa viungo vinavyofunguka na kufunga kama bawaba ya mlango: kiwiko (cha leo!), goti na vidole. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na yeyote aliyekaa siku nyingi na wagonjwa wa baridi yabisi anajua kwamba yabisi ni ukavu, kiungo kinachokataa kukunjwa.

Na ukitaka mgonjwa aoneshe kiganja, usimwambie "zungusha kifundo". Kifundo cha mkono kinakunjika mbele na nyuma na kulala kidogo pembeni. Kile kitendo cha kugeuza kiganja kikaangalia juu, kama mtu anayepokea chenji, hakifanyiki pale. Kinafanyika kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko cha leo na kifundo: kuna mifupa miwili, mmoja unatulia, na ule wa upande wa kidole gumba unamzunguka mwenzake: kiganja kikiangalia chini inapishana, kikiangalia juu inalala sambamba. Jishike kigasha kwa mkono wa pili kisha geuza kiganja, utausikia ukitembea chini ya vidole vyako. Mwambie tu, "Geuza kiganja kiangalie juu." Hata asiyejua kifundo wala kiwiko ataelewa.

Nirudi kwa mzee. Yeye amesema kiwiko kimeshtuka, na kwa lugha amesema sawa. Lakini mtu mzima aliyeanguka, akajizuia kwa kiganja, kisha akapiga ukelele ukigusa kifundo, anaweza kuwa amevunjika mwisho wa ule mfupa wa upande wa gumba, au mojawapo ya ile minane midogo. Neno "kushtuka" ni maelezo yake, halijawa majibu ya daktari. Kama aliondoka bila kupigwa picha ya eksirei, tafadhali mtafuteni arudi. Na akirudi, kabla hujamwuliza ni kiwiko gani, mwambie: "Mzee wangu, hebu nioneshe kwa kidole panapouma."