Chanjo ya homa ya mafua: nyumbani aanze nani, na lini?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafinga. Ninaishi na mke wangu ambaye ana ujauzito wa miezi mitano, watoto wawili wa miaka 4 na 9, pamoja na mama yangu mzazi mwenye miaka 68, ambaye ana kisukari na presha. Kila kipupwe kikiingia nyumba nzima hukohoa. Nimesikia ipo sindano ya kukinga mafua, lakini baba yangu mdogo alichomwa alipokuwa akijiandaa kwenda hija, na siku nne baadaye akaugua mafua makali. Je, sindano ndiyo iliyomwambukiza? Mama naye akila mayai huwashwa mwili, na ameambiwa kwamba chanjo hiyo hutengenezwa kwa mayai. Watoto walichanjwa kliniki. Je, hawana kinga tayari? Naomba pia unishauri nianze na nani, kwa sababu fedha niliyonayo haiwatoshi wote.

JIBU: Salama, Mwalimu. Nianze na baba yako mdogo, kwa kuwa visa vya namna hiyo ndivyo vinavyowafanya watu wengi waikimbie chanjo hii. Sindano ya homa ya mafua hutengenezwa kwa virusi vilivyokwisha kuuawa, na kwa kawaida hubakizwa vipande tu ambavyo mwili unahitaji kuvitambua. Kirusi kilichouawa hakizaliani, na kisichozaliana hakiwezi kumwambukiza mtu. Ila mwili huchukua takriban wiki mbili kujenga kingamwili za kutosha, hivyo mtu akikutana na kirusi siku ya tatu au ya nne baada ya sindano huugua sawasawa na ambaye hakuchanjwa. Tena inawezekana kabisa kwamba alichougua hakikuwa homa ya mafua, bali mafua ya kawaida, ambayo huletwa na virusi vya jamii nyingine na ambayo chanjo hii haiyagusi. Msafiri anayekwenda kwenye mkusanyiko mkubwa kama hija anapaswa kuchomwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuondoka.

Kinachotokana na sindano yenyewe ni maumivu mahali ilipochomwa, na kwa baadhi ya watu homa ndogo, kichwa kuuma au uchovu, mambo ambayo huisha ndani ya siku moja au mbili. Ipo pia chanjo nyingine ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Hiyo haipewi wajawazito wala watu ambao kinga yao ya mwili imeshuka, kwa hiyo mkeo akiletewa ya puani aikatae na kuomba ya sindano.

Sasa usitarajie kwamba mkichanjwa hamtakohoa tena. Katika miaka ambayo aina za virusi zilizomo kwenye chanjo zinalingana na zile zinazosambaa, chanjo hupunguza uwezekano wa kuugua homa ya mafua kiasi cha kuhitaji daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60, na kwa wazee kinga huwa hafifu kidogo kuliko kwa vijana. Mimi naihesabu kuwa faida kubwa, kwa sababu anayechanjwa kisha akaugua huwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata nimonia, kulazwa wodini au kufa. Mwenye afya njema hulala siku tatu nne akaamka. Mwenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, figo, au anayeishi na virusi vya UKIMWI anaweza asiamke kwa wepesi huo. Kwake yeye ndiko fedha inakopaswa kwenda kwanza.

Kwa nyumba yako, wewe na mtoto wa miaka 9, mkiwa hamna ugonjwa sugu, ndio wa mwisho. Najua mwalimu hushinda na watoto wanaopiga chafya mchana kutwa, lakini hilo halikutangulizi mbele ya mama wala mkeo. Mtoto wa miaka 4 yumo katika kundi ambalo Shirika la Afya Duniani hushauri lichanjwe, yaani watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ila gharama yake ni mara mbili: mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake huhitaji dozi mbili, zikipishana kwa angalau wiki 4, na dozi moja haimtoshi.

Wanabaki mama na mkeo. Mjamzito anaruhusiwa kuchomwa chanjo hii katika mwezi wowote wa ujauzito, na kwake yeye sindano moja hukinga watu wawili. Kingamwili za mkeo huvuka kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika miezi yake ya mwanzo, wakati ambapo yeye mwenyewe hawezi kuchanjwa, kwa maana chanjo hii haipewi mtoto wa chini ya miezi 6. Asiichanganye na sindano ya pepopunda anayopewa kliniki ya wajawazito. Hizo ni chanjo mbili tofauti, na zinaweza kutolewa siku moja katika mikono miwili. Mama yako kwa upande wake ana mambo mawili yanayomweka hatarini kwa pamoja: umri na kisukari. Kama fedha inatosha dozi mbili, hizo ni zao bila mjadala. Kama ni moja tu, mimi ningempa mama, ingawa wapo madaktari wenzangu ambao wangeanza na mjamzito, nami siwezi kusema kwamba wamekosea. Mama aendelee na dawa zake zote za sukari na presha siku hiyo kama kawaida. Akiamka na homa kali, aahirishe mpaka apone.

Kuhusu mayai, ni kweli kwamba chanjo nyingi za aina hii huoteshwa kwenye mayai ya kuku na huweza kubaki na chembe kidogo sana za protini yake. Zamani tulikuwa waangalifu mno katika jambo hili. Leo kuwashwa baada ya kula mayai si kizuizi, na miongozo ya Marekani tangu msimu wa 2023/2024 haidai tena tahadhari za ziada kwa mwenye mzio wa mayai kuliko zile za chanjo yoyote nyingine. Anayezuiwa ni yule aliyewahi kupata mzio mkali, kama kuvimba koo au kushindwa kupumua, baada ya kuchomwa chanjo yenyewe ya homa ya mafua au kutokana na kiambato chake kingine. Mama amweleze mchomaji kuhusu mayai, kisha akae pale kituoni kwa dakika 15 baada ya sindano.

Watoto wako hawana kinga hii. Sindano ya pentavalenti waliyochomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14 hukinga magonjwa matano, na mmoja kati ya wadudu wanaolengwa ni bakteria anayeitwa Haemophilus influenzae aina ya b, ambaye huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Jina lake huwachanganya wazazi wengi wanaosoma kadi, lakini bakteria huyo hahusiani na kirusi cha homa ya mafua. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto hapa nchini, kwa hiyo itabidi uulize kwenye famasia ya hospitali kubwa au kituo cha chanjo za wasafiri, na upige simu kwanza kabla ya kupanda gari kwenda Iringa au Mbeya.

Wakati mzuri kwa Nyanda za Juu Kusini ni Aprili au Mei, ili kinga iwe tayari kabla ya baridi ya Juni na Julai. Homa ya mafua katika nchi za tropiki huweza kuonekana mwezi wowote, lakini kipupwe hutufungia ndani, madirisha yakiwa yamezibwa na jiko la mkaa likiwa katikati ya chumba (desturi ambayo ni hatari hata pasipo mafua, kwa sababu ya hewa ya sumu). Chanjo hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa kinga hupungua na virusi hubadilika; Shirika la Afya Duniani hupitia aina za kuwekwa katika chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini.

Kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa. Chanjo ya msimu wa kusini kwa kawaida huandikwa mwaka mmoja, na ya kaskazini miaka miwili yenye alama ya mkwaju (/) katikati. Ukiuziwa mwezi Mei boksi la kaskazini la msimu uliopita, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi kwa makini. Boksi likionyesha aina tatu za virusi badala ya nne, usidhani umepunjwa: aina ya nne, B/Yamagata, haijathibitishwa kusambaa duniani tangu Machi 2020, na ndiyo maana imeondolewa.

Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda huharibika. Baridi ya Mafinga haichukui nafasi ya friji, na kipande cha barafu kilichogusana na boksi kinaweza kuiharibu kuliko jua. Usinunue ukaibeba mfukoni. Ichomwe pale pale ilipotunzwa.

Mama akipata homa hata baada ya kuchanjwa, apimwe malaria, na sukari yake ipimwe mara nyingi kuliko kawaida kwa sababu maambukizi huipandisha. Asianzishiwe dawa za bakteria kwa kukisia, kwani haziui virusi. Akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, au homa ikirudi baada ya kuwa imeshuka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ipo dawa ya virusi hivi iitwayo oseltamivir, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo.